Mzungu wangu ameacha dawa za malaria, anasema ashakuwa mwenyeji. Kuna ukweli hapo?

mwanashela
Asalaam aleikum, na wengine hamjambo. Naomba msaada hasa wa nyinyi mlio kwenye mambo ya hospitali. Mimi naangalia nyumba ya wazungu huku Shela, Lamu, mume na mke, Waholanzi, na sio wale wa kuja Disemba wakaondoka, hawa wamehamia kabisa, mama anajua hadi bei ya kamba kwa wavuvi. Walipofika walikuwa wanameza vidonge vya kuzuia malaria kila siku, baadaye wakaona bei kali wakaacha. Mzee ndio ananitia wasiwasi. Anasema mwili umeshazoea, yeye sasa ni Mwamu, mtu wa Lamu, na kila jioni anakunywa jini na toniki, anasema toniki ina kwinini, ile dawa ya malaria, kwa hiyo dawa anapata. Chandarua kimefungwa fundo juu ya kitanda, kinateremshwa wageni wakitaka kupiga picha. Sasa masika hii mbu wanauma mpaka mchana, na mama ameniuliza pembeni eti sisi wenyeji tunakula nini mbona hatuugui. Nikacheka, nani kasema hatuugui? Nimwambie nini huyu mzee, maana ni mbishi kweli. Na maradhi gani mengine huwapata watu kama hawa wakikaa sana?

maabara_mld
Waaleikum salaam kaka. Niko maabara huku Malindi na wazee kama huyo tunao wengi, wetu wanaongea Kitaliano tu. Mwambie hivi, kinga ya malaria mtu haipati kwa kuhamia, anaipata kwa kuugua. Mtoto wa huku anang'atwa tangu mchanga, anaugua, anapona, anaugua tena, wengine wanakufa, na anayebaki anakuwa na kinga nusu nusu ya kufanya homa isimlaze sana. Mtu aliyekuja na miaka hamsini akalala nyumba nzuri yenye wavu dirishani hana kitu hicho hata akae miaka kumi. Na vimelea vyetu vingi vya malaria ni falsiparam, ndio ile inayopanda kichwani, kwa mtu asiye na kinga inaanza kama mafua leo na kesho au keshokutwa amepoteza fahamu. Sasa fikiria hiyo kesho ni saa nane usiku na wewe uko Shela unatafuta boti.

Toniki nimecheka. Marekani sheria yao ni kwinini isizidi miligramu 83 kwa lita, imewekwa kwa ajili ya uchungu. Mtu mzima akitibiwa kwa kwinini anapewa miligramu 600 mara tatu kwa siku. Piga hesabu, ni zaidi ya lita 20 za toniki kila siku, na jini ngapi humo sijui. 😂

bintimalindi
Na sio wazungu peke yao jamani, ongezeni na sisi tulio nje. Binamu yangu kazaliwa Shella hii ya Malindi, kakulia hapa, kaenda Uingereza kaishi miaka mingi. Akaja arusini hakumeza chochote, kwani mtoto wa nyumbani anameza dawa ya malaria kuja kwao? Karudi kule baada ya siku kama kumi homa, jasho, kutetemeka, kaenda kwa daktari kaambiwa ni flu kalale, mpaka mkewe ndio akasema jamani huyu ametoka Kenya juzi, wakapima damu, akalazwa usiku ule ule. Kinga ukikaa miaka bila kung'atwa inapungua. Na watoto wake waliozaliwa kule ndio hawana kabisa hata kama majina yao ni ya Kiswahili. Kwa hiyo wewe mwanashela mama akirudi Uholanzi kusalimia na akashikwa na homa aseme neno la kwanza kabisa "nimetoka Kenya", hata ikiwa imepita miezi.

tuktuk_casuarina
Mnamtisha bure. Wazungu Malindi nimewabeba miaka, mbu hawawamalizi, wanamalizwa na bodaboda wanazokodi bila helmeti. Na ile mambo ingine ya usiku mnajifanya hamuijui, mzee anatafuta binti wa miaka ishirini, kondomu hataki, halafu anaogopa maji ya bomba. UKIMWI na homa ya ini havihitaji mbu.

maabara_mld
@tuktuk hapo sikupingi, helmeti na kondomu ni kweli tupu. Homa ya ini ya B ina chanjo na anayehamia anatakiwa awe nayo, na ya A pia, ile ya chakula na maji. Lakini usiseme mbu hawawamalizi, wewe unawaona wanaopanda tuktuk.

bi_mkomani
Mwanangu mwanashela mbu wa mtana si wa malaria. Wa malaria huuma usiku. Wa mtana ni wale wenye madoadoa meupe miguuni, wanazaa kwenye mai safi ya ndani, mtungi, pipa, ndoo iliyosahauliwa msalani, hata kisahani cha chini ya ua. Mwaka 2004 mvua zilikatika, kila nyumba imejaza mapipa na mitungi bila vifuniko, yakaja yale maradhi ya viungo. Amu nzima ikalala. Mimi sikuweza kufunga kanga kiunoni, vidole vimevimba, mume wangu anashuka ngazi kwa makalio kama mtoto. Zamani birika la msalani, lile hodhi la maji la kujengwa, watu walitia visamaki vidogo vikala vile viluwiluwi vya mbu, unachota kata unaviona vikikimbilia pembeni. Sasa hawa wanaonunua nyumba za kale birika wanaligeuza pambo, wanatia maua yaelee juu, samaki hakuna. Nenda kaangalie birika la mabosi wako kwanza.

maabara_mld
Bibi asante sana, shikamoo. Ile ilikuwa chikungunya, na walipokuja kupima damu za watu Lamu wakakuta kama robo tatu wameshaambukizwa. Kutoka hapo ikashuka Mombasa, ikaenda Komoro, Réunion, India, na mwaka 2007 ikazuka kijijini huko Italia, imepelekwa na msafiri aliyetoka India. Kwa hiyo hata wageni wa Malindi walifuatwa nyumbani.

Mbu huyo huyo wa mchana analeta homa ya dengi, na hiyo Malindi tunayo kwenye kumbukumbu tangu 1982. Chandarua cha usiku hakimsaidii mtu hapo, ni kufunika maji, kumwaga yaliyotuama na kujipaka dawa ya mbu mchana. Na ukiona homa na mifupa inauma usimkimbizie ibuprofeni wala diklofenaki ya kemisti, kama ni dengi zinaongeza hatari ya kutoka damu. Mpe Panadol na maji na mpeleke akapimwe.

Kupima ni siku hiyo hiyo ya homa, sio "ngoja tuone kesho". Na kipimo kikisema hakuna malaria na homa ipo, rudia baada ya saa 12 hadi 24, mpaka mara tatu, vimelea vinaweza kuwa vichache mwanzoni. Ikitoka ndio, vile vidonge 24 vya kutibu malaria (AL) vya siku tatu avimalize vyote, ameze na maziwa au chakula chenye mafuta. Watu wanaacha siku ya pili wakishaona nafuu, wazungu kwa waswahili. Akianza kutapika dawa au kuongea ovyo hapo sio vidonge tena, ni sindano ya atesuneti na hospitali.

Dawa za kuzuia sio zile za bei kali tu. Doksisaiklini ni rahisi lakini ngozi inaungua na jua, na nyinyi mko ufukweni. Ile ya kila wiki, meflokwini, inawaletea wengine ndoto mbaya, mwenye historia ya maradhi ya akili asiiguse. Wakazi wengine wanameza miezi ya mvua tu, hilo aamue na daktari wake. Klorokwini kama anayo ya zamani kwenye droo, tupa, huku haifanyi kazi kitambo.

mwanashela
Allah awalipe. Bibi nimeenda kuchungulia, birika la bustani limejaa viluwiluwi wallahi, nimemuonyesha mzee kwenye glasi vinavyocheza, amenyamaza. Chandarua nimeshusha mwenyewe, hajasema kitu. Maswali mawili ya mwisho. Cheti cha homa ya manjano eti kimepita miaka kumi, wakarudie? Na paka wa mama, yuko mmoja wa mtaani anakwaruza kila mtu, na juzi punda alimuuma mzee mkononi akaoshea maji ya bahari akaendelea na safari.

maabara_mld
Cheti tangu 2016 ni cha maisha, wasirudie. Punda ndio mbaya!! Alimchana ngozi? Kichaa cha mbwa hakichagui, punda na paka wanaweza kuwa nacho, na kikishaonyesha dalili hakuna anayemrudisha mtu. Kidonda kinaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, hapakwi binzari wala mafuta, halafu chanjo haraka, sindano kadhaa kwa tarehe atakazopewa na asiruke hata moja. Kama juzi ni juzi kweli bado hajachelewa. Mpeleke leo, piga simu kwanza uulize kama chanjo ipo, ikikosekana Lamu apande boti aende kunakopatikana.

mwanashela
Alimchana. Nampigia boti sasa hivi.