Mjadala: Wasifu mfupi wa marehemu useme alikufaje?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Gulu. Niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili kazi ya kuandika wasifu wa Mganda mashuhuri, mistari kumi tu. Msichana mmoja alimwandika Askofu Mkuu Janani Luwum: alizaliwa Mucwini, Kitgum, mwaka 1922, akawa askofu mkuu mwaka 1974, kisha mstari wa mwisho, kwa mwandiko safi kabisa: "Alifariki kwa ajali ya gari tarehe 16 Februari 1977."

Kalamu nyekundu ilinigandia mkononi. Ajali hiyo ndiyo iliyotangazwa na serikali ya Idi Amin. Luwum alikamatwa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wakauawa wote watatu. Jeneza lilipofunguliwa Mucwini, ndugu waliona matundu ya risasi. Leo 16 Februari ni sikukuu ya taifa, na bado uongo wa waliomuua umo ndani ya daftari la mtoto!

Nilipolisema hili katika chumba cha walimu, mwenzangu mmoja, mzee ninayemheshimu sana, alinijibu: "Mwalimu, marehemu hasemwi. Andika alizaliwa, alifanya kazi, alifariki. Mengine waachie wafiwa." Wengi walimuunga mkono.

Mimi nakataa. Nendeni Hospitali ya Lacor, hapa Gulu, mkayaone makaburi ya madaktari wawili. Lucille Teasdale, mpasuaji kutoka Kanada, aliambukizwa virusi vya UKIMWI akiwapasua majeruhi wa vita, akaendelea kutibu watu kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 1996. Karibu naye amelala Dkt. Matthew Lukwiya. Usiku mmoja wa mlipuko wa Ebola, ule uliowaua watu 224, aliitwa kumwokoa muuguzi aliyekuwa akivuja damu. Alivaa glavu na barakoa, lakini hakuvaa miwani ya kinga. Akaambukizwa, akafariki tarehe 5 Desemba 2000. Andika "aliugua kwa muda mfupi", na Lukwiya mwenyewe humwoni tena.

Na Philly Lutaaya? Mwaka 1989 mwanamuziki huyo alisimama hadharani akasema ana UKIMWI, wakati watu walikuwa wakiunong'ona. Wako waliodhani anatafuta umaarufu. Desemba mwaka huohuo akafa. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, na yeye hakukisubiri kifo kiseme.

Nakiri kwamba si kila msiba uko hivyo. Baba yangu mkubwa tulimuuguza miaka miwili, na siku ya maziko karatasi ikasomwa: "Aliugua ghafla." Iliniuma, lakini hakuwa mtu wa umma, na wajane wake ndio wenye haki ya kuchagua maneno.

Kwa watu wa umma, tatizo langu ni hilo neno "alifariki". Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu, alichukuliwa na watu wenye silaha kutoka Mahakama Kuu Kampala tarehe 21 Septemba 1972, na familia haikupewa hata mwili wa kuzika. Huyo naye "alifariki"? Kiswahili kimetupa kuuawa, kutekwa, kutoweka; tuyatumie. Na pale penye ubishi, kama kifo cha Kabaka Mutesa II, mfalme wa Buganda, kule London mwaka 1969, ambacho polisi wa Uingereza walisema ni pombe na Baganda wengi wanaamini ni sumu, mwanafunzi aandike yote mawili, na nani alisema lipi.

Yule msichana nilimrudishia daftari. Alifuta "alifariki kwa ajali ya gari", akaandika "aliuawa", akaishia hapo. Nataka aongeze aliuawa chini ya utawala wa nani. Mzee mwenzangu anasema hapo panatosha, kwa kuwa watoto wa upande wa waliouawa na wa upande wa utawala ule wanakaa dawati moja. Ninyi mnasemaje?