Mawe yanachubua fenda za Roadster yangu, nianze kulinda wapi?

Mwenda Moro
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa mliowahi kumiliki hizi gari ndogo za michezo za viti viwili.

Nina Mazda Roadster ND (kizazi cha nne) ya 2016, injini ya 1.5, nyekundu. Nakaa Kibaha, na karibu kila wiki naenda Morogoro. Njia mnaijua: malori mwanzo mwisho, halafu kutoka lami hadi getini kwangu ni changarawe tupu. Jumamosi nimeliosha gari, nikakaa chini na tochi. Fenda za mbele zina vidoa kama punje za mtama. Za nyuma ndizo zimeniumiza. Pale mbele ya tairi, chini karibu na kizingiti cha mlango, nimehesabu alama 23, na tatu zimeshaanza kutoa rangi ya chai.

Hili gari nililitafuta miaka miwili. Uzuri wake ni wepesi, halifiki mbali na tani moja, kwa hiyo sitaki kulibandika makorokoro. Fundi mmoja kasema nipake siramiki, mawe hayatafanya kitu. Mwingine anataka kupuliza ile rangi nyeusi ya lami mpaka nje ya fenda. Nifuate lipi?

Msasa Laini
Mkuu, yote mawili acha. Siramiki ni utando mwembamba mno, unasaidia maji na vumbi kuteleza, jiwe linapita kama halikuona kitu. Hiyo ya lami mahali pake ni chini ya gari. Ukiipuliza juu ya alama zenye kutu, umeifunika kutu iendelee kula chuma gizani. Nimeshabandua nyingi za namna hiyo, chini yake unakuta chuma kimekuwa kama biskuti.

Chukua kisumaku, kifunge kwa kitambaa laini, kigusishe fenda ya mbele. Hakishiki. ND ina boneti, fenda za mbele na mfuniko wa buti vya aluminiamu, walipunguza uzito hapo. Kipeleke fenda ya nyuma, kinanasa, ni chuma. Kwa hiyo anza nyuma. Mbele ukichelewa utaona unga mweupe pembeni ya alama, lakini haitatoboka kwa kutu.

Upepo wa Kunduchi
Pole sana kaka. Mimi nilikuwa na NB, Roadster ya kizazi cha pili, na naomba usirudie kosa langu. Niliona rangi imevimba palepale unaposema, nikadhani ni mawe, nikapaka rangi mara mbili. Kumbe kutu ilikuwa inatoka ndani. Turubai la juu lina mifereji ya kushusha maji, inapita nyuma ya viti na kutokea chini, karibu na tairi la nyuma. Ikiziba kwa majani na vumbi, maji yanalala ndani ya kizingiti.

Mimina maji kidogo kidogo kwenye tundu la mfereji, kila upande, mwenzako akiwa amechuchumaa chini anaangalia. Yasipotoka upesi, zibua kwa waya laini wa plastiki, usisukume kwa nguvu. Na alama zako ziguse kwa kidole: ya jiwe ina shimo, ya ndani imevimba.

Nati Kumi na Saba
Kabla ya yote, rimu ni za kiwandani?

Mwenda Moro
Hapana mkuu, nimelikuta na rimu pana na vipande vya kusukuma tairi nje. Vina uhusiano?

Nati Kumi na Saba
Mkubwa sana. Hizo alama za nyuma hupigwi na lori, unajipiga mwenyewe. Tairi la mbele linaokota kokoto na kuirusha nyuma, na likiwa limechomoza nje ya fenda hakuna cha kuizuia. Funga nati kwenye uzi, ining'inize kutoka ukingo wa fenda ya mbele. Uzi ukigusa tairi kabla ya kufika chini, jibu umepata. ND ya 1.5 ilitoka na tairi za 195/50R16, za rimu ya inchi 16, ukirudi hapo gari litakuwa jepesi zaidi pia. Kisha tafuta vizuia matope vidogo vya mbele vinavyotumia skrubu zilizopo. Usikubali mtu atoboe ukingo wa chuma.

Na lori liache mbali. Ukitoka 80 kwenda 110, nguvu ya jiwe inakaribia mara mbili.

Msasa Laini
Sahihi kabisa. Baada ya hapo ndiyo uweke PPF, ile plastiki angavu nene. Usiuziwe stika ya kubadilisha rangi, ni nyembamba, jiwe linaichana. Huhitaji gari zima: fenda ya nyuma kipande cha viganja viwili kutoka kizingitini kupanda juu, na fenda ya mbele pale nyuma ya tairi.

Ila kwanza tibu alama. Gundisha kipande cha msasa kwenye ncha ya njiti ya kiberiti, sugua ndani ya shimo tu mpaka chuma king'ae. Dawa ya kutu, praima, kisha rangi kwa kijiti cha meno, tone jembamba, likauke, uongeze. Namba ya rangi isome kwenye kibati cha gari, wekundu wa Mazda una tabaka kadhaa na ukikisia utaonekana. Usibandike juu ya rangi mbichi, ipe wiki kadhaa ikomae.

Mwenda Moro
Wakuu, narudi na mrejesho. Uzi uligusa tairi pande zote mbili. Rimu za inchi 16 nimepata, zile pana nimeuza. Mfereji wa kushoto ulikuwa umeziba kweli, nilipozibua ukatoka udongo mweusi na majani ya mwarobaini, nami nimekuwa nikiegesha chini ya mti huo tangu Januari! Alama zote 23 zina shimo, hakuna iliyovimba. Rangi nimemaliza jana usiku kwa tochi. Dada wa Kunduchi, Mungu akubariki.

Upepo wa Kunduchi
Amina kaka. Sasa hamisha na maegesho.