Muuza unga? MUUZA UNGA? Mtafsiri wa kibanda umiza kanivunjia heshima leo, na hela yangu imefika pungufu

Miwani Nyeusi

Wakuu salaam. Nachapa natetemeka, herufi zikikimbia mnisamehe.

Jina simtaji. Ni yule anayetafsiri picha kwa Kiswahili pale kibandani. Mnamjua. Yule anayeanza kila picha kwa kukohoa kwenye maiki mara tatu kama fuso la mkaa linapandisha mlima. Yule ambaye kwake kila steringi ni Raju, kila demu ni Puja, na India nzima ni Bombay. Kama umewahi kukalia benchi la mbao upande huu wa mji, ushamsikia. Kama hujamsikia, Mungu anakupenda.

Leo saa kumi jioni natoka kazini, shati la drafti nimechomekea, nimelipa mia tano yangu, nikakaa benchi la tatu. Picha ya kule kusini mwa India, wanaongea Kitamil. Huyu bwana kaanza: "Tupo Bombay..." Nikameza. Mwaka wa kumi huu nameza. Steringi kashuka kwenye gari, vumbi limetulia, kaingia kwa bibi yake. Ukutani kuna picha kubwa imevishwa shada la maua. Mzee kavaa kofia nyeupe ya manyoya na miwani nyeusi. Steringi kavua viatu, kaunganisha viganja, kainama.

Jamani. Hata mtoto wa chekechea wa Chennai anamjua yule mzee. Ni MGR! M. G. Ramachandran, steringi wao wa zamani! Kofia ile haina mwingine!

Mtafsiri kakohoa. Akasema: "Huyo ukutani ndiye baba mzazi wa adui, alikuwa muuza unga mkubwa sana pale Bombay, steringi anaapa kulipa kisasi."

Muuza unga.

Yaani wa madawa ya kulevya. Sikumbuki nilisimama saa ngapi. Nimesema kwa adabu zote, "Kaka samahani, huyo alikuwa Waziri Kiongozi wa jimbo la Tamil Nadu, kaingia 1977, kafa Desemba 1987 bado yuko madarakani." Wakuu, akasimamisha picha. AKASIMAMISHA PICHA. Steringi kagandishwa kainama, makalio yamejaa skrini nzima, kibanda kizima kinanigeukia mimi. Halafu kwenye maiki: "Kumbe tuna mwalimu wa historia humu, shati la drafti. Mrudishieni hela yake akamtafute waziri wake."

Hela ikatoka mbele. Sarafu tano za mia mia, mkono kwa mkono, benchi kwa benchi, kila anayezipokea anacheka kwanza ndipo anampa wa nyuma. Aliyenikabidhi ni mtoto mwenye sare ya shule. Nikahesabu.

Mia nne.

Benchi TATU wakuu! Mia imepotelea ndani ya benchi tatu!

Na bado hainiumi kama lile neno. Muuza unga! Mtu aliyejenga jina lake lote kwa kucheza watu wasiogusa pombe wala sigara! Mtu aliyepigwa risasi ya shingo Januari 1967 na M. R. Radha, muigizaji mwenzake, tena yule anayecheza adui, adui wa kwenye picha kamfuata steringi nyumbani na bastola ya kweli! Picha yake kafungwa bendeji ikabandikwa kila ukuta, kura zikapigwa, kashinda ubunge wa jimbo kalala hospitali. Sauti haikurudi kama zamani mpaka anakufa, na watu wakaendelea kumlipia tiketi hivyo hivyo. 1984 kashinda tena yuko kitandani, safari hii kitanda chenyewe kiko Brooklyn, Marekani. Uchaguzi mbili kazishinda kwa shuka! Halafu mtu aliyeshindwa kuunganisha spika mbili anasimama anasema muuza unga.

Sitaki ushauri. Nilitaka kusema tu. Mia nne.

Kiti cha Nyuma

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu.

Mama Vitumbua

Nimecheka mpaka mafuta yameungua. Yaani sarafu zimetembea mkono kwa mkono kama sadaka inayorudi kwa mtoaji.

Mzee wa Hoja

Hii chai. Tena haina hata tangawizi. Kibanda gani siku hizi kinarudisha hela?

Miwani Nyeusi

@Mzee wa Hoja haikurudishwa. Ilirudishwa MIA NNE.

Abiria wa Namba 8

Pole msee. Lakini nyinyi Wabongo mnajitakia. Huku Nairobi DJ akisema adui ametoka Gikomba tunakubali na tunasonga. Nani huenda kwa movie kutafuta ukweli? Ukweli niko nao kwa nyumba, na unadai rent.

Ruwi Usiku

Niko Muscat, nalala chumba kimoja na Watamil wawili na Mmalayali mmoja wa Kerala. Mleta uzi una bahati umepoteza mia. Mimi mwaka wa kwanza nilimwuliza mmoja wao kwa nia njema kabisa, "hiyo ni filamu ya Kihindi?" Hakunisemesha siku nne. Kiswahili chetu ndicho kinatuponza, sisi Kihindi ni chochote kilichotoka India, kuanzia lugha hadi bizari. Wenzetu Watamil 1965 kuna watu walikufa, wengine walijiwasha moto wenyewe, kwa kupinga kulazimishwa Kihindi. Miaka miwili baadaye chama cha DMK, kilichokuwa kinapinga Kihindi hicho, kikachukua jimbo, na kiongozi wake Annadurai alikuwa mwandishi wa tamthilia na filamu. Aliyemrithi, Karunanidhi, pia mwandishi wa filamu, kawa waziri kiongozi mara tano. Kisha MGR. Kisha Jayalalithaa, aliyecheza naye picha 28. Kule script inaandikwa kwanza, serikali inafuata.

Shida yangu sasa. Huyu wa Kerala kila Ijumaa wali ukiiva anaanza: "MGR wetu, wazazi wake watu wetu." Ni kweli, na mwenyewe kazaliwa Ceylon 1917, hata India penyewe hapakuwa kwao kwa kuzaliwa. Basi Watamil wanaweka sahani chini, wanaanza kupigiana kelele lugha mbili, na mimi ndiye niliyepika. Wali unapoa. Kila Ijumaa.

Mtoto wa Malindi

Waziri Kiongozi ni msamiati wetu Zanzibar, tulikuwa naye mpaka 2010. Muwe mnaomba ruhusa.

Mzee wa Hoja

Mods hamisheni hii Jukwaa la Siasa.

Kiti cha Nyuma

Iache Burudani. Kule siasani watamfukuza na hiyo mia nne yake.

Dereva wa Roli

Mnamlilia MGR, kwangu mimi baba lao ni NTR, N. T. Rama Rao, steringi wa jimbo la Andhra Pradesh. Kacheza mungu Krishna mara nyingi mpaka watu wakawa na picha yake kwenye sehemu ya kusalia. Machi 1982 kaanzisha chama cha Telugu Desam, Januari 1983 yuko ikulu ya jimbo. Miezi tisa! Mimba! Kampeni kazunguka na gari bovu la Chevrolet lililogeuzwa jukwaa, analala humo humo, anaoga barabarani. Mimi nalala kwenye roli mwaka wa kumi na moja na hata ubalozi wa nyumba kumi sijapata.

Mbegu ya Papai

Mnataja walioshinda tu. Sivaji Ganesan kwa kuigiza alikuwa anamwacha MGR mbali sana, uliza mtu yeyote. Kaanzisha chama 1988, 1989 kaangushwa hata kwenye kiti chake mwenyewe. Chiranjeevi, steringi wa Andhra Pradesh, kaja na chama chake 2008 na nyomi la kutisha, viti 294 kapata 18. Rajinikanth, steringi wa Kitamil, ndiyo kabisa, katangaza siku ya mwisho ya 2017 kwamba anaingia siasani, watu wakasubiri miaka mitatu, Desemba 2020 kasema haingii. Mashabiki walishashona sare.

Abiria wa Namba 8

Huyo wa mwisho ni kama fundi wangu wa sofa.

Ruwi Usiku

Tusicheke yote. Karur kule Tamil Nadu, Septemba 2025, mkutano wa siasa wa muigizaji Vijay, watu walisubiri masaa juani, msongamano ukaua 41. Wenzangu hapa chumbani siku ile hakuna aliyegombana kuhusu wali.

Mama Vitumbua

Mungu awapumzishe.

Benchi la Pili

Nimesoma kimya kimya sasa naona niseme. Mimi nilikuwepo. Ile mia nilichukua mimi. Huyu bwana siku ya nyuma alinunua andazi kwa shemeji yangu akasema atalipa kesho. Kesho yenyewe ndiyo leo.

Na kuna sehemu ameiruka. Wakuu, HAKUONDOKA. Alisimama mlangoni dakika mbili tatu, pale pazia linapoishia, anachungulia kwa jicho moja. Halafu akarudi kwa yule dada wa mlangoni akatoa noti ya elfu, akalipa mia tano mpya, akaja kukaa benchi lile lile. Na picha ilipofika kwenye ngumi za mwisho, aliyepiga mluzi wa kwanza ni shati la drafti.

Kiti cha Nyuma

WEEEEE

Mzee wa Hoja

Nilisema chai. Kumbe ni chai na andazi la mkopo.

Abiria wa Namba 8

Kwa hivyo jumla amelipa mia sita kuona mtu wa unga. Hesabu haidanganyi.

Miwani Nyeusi

Nilirudi kwa sababu nilisahau chaja ya simu chini ya benchi. Na mluzi haukuwa wa kushangilia, ulikuwa wa kupinga. Suala la andazi tutalimaliza nje ya jukwaa. Hoja yangu inabaki pale pale: alisema MUUZA UNGA.

Mbegu ya Papai

Mluzi wa kupinga. Haya.

Mtoto wa Malindi

Mimi namtetea mtafsiri. Kakutana na picha ya mzee ukutani, hana maelezo, maiki iko wazi, watu sabini wanamtazama. Angesemaje? "Sijui"? Mtafsiri hasemi sijui. Ungekuwa wewe hapo ungemfanya Karume.

Dereva wa Roli

Narudi kwa NTR sijamaliza. Agosti 1984 katoka kutibiwa moyo Marekani, mara waziri wake wa fedha kachukua kiti. Kapigania, mwezi mmoja tu karudi. Hiyo ndiyo picha mnayoijua. Lakini 1995 waliomtoa ni watu wa ndani kabisa, na aliyekalia kiti chake ni MKWE WAKE. Kamwozesha binti, kampa cheo kwenye chama, mkwe kachukua na jimbo. Januari 1996 mzee kafariki. Steringi kapigana na dola nzima kashinda, kaja kumalizwa na mtu anayemwita baba.

Fundi Saa

Mkwe. Usiniguse hapo. Wangu aliniomba pikipiki "ya siku mbili baba" mwezi wa Ramadhani. Jana nimeipanda. Nimeilipia nauli elfu mbili, kanidai na mia tano ya kofia.

Mama Vitumbua

Afadhali wewe una pikipiki ya kuipanda. Wangu alihamia kwangu na binti yangu "mpaka wapate nyumba". Ana kikombe chake. Amekiandika jina. Kikombe changu mwenyewe, cha seti ya harusi yangu, amekiandika jina lake kwa rangi ya kucha.

Kiti cha Nyuma

Rangi ya kucha 😭 rangi gani mama?

Mama Vitumbua

Nyekundu. Kaandika "BOSS".

Benchi la Pili

Anza chama mama, huyo anataka jimbo.

Miwani Nyeusi

Wakuu turudi kwenye mada basi. Nani ananisindikiza kesho nikadai nirekebishiwe pale pale kwenye maiki? Kuna picha mpya saa kumi.

Fundi Saa

@Mama Vitumbua wangu kanichapishia na kadi, "Mkurugenzi". Pikipiki moja. Yangu.

Bi Harusi 2009

Nyie mnalia na wakwe wa kiume. Mimi mama mkwe kaja kwa wiki moja kuangalia macho hospitali, huu mwezi wa tano, na rimoti analala nayo chini ya mto. Saa mbili usiku taarifa ya habari hakuna, ni tamthilia ya Kihindi iliyotiwa sauti ya Kiswahili, kamera inapiga uso wa mama mkwe mara tatu, dwii, dwii, dwii, na wangu naye anageuka ananiangalia mimi kila dwii. Mume wangu anacheka. Jana kwenye tamthilia kamwekea mkamwana kitu kwenye chakula, asubuhi nimekuta wangu kaamka kabla yangu, kapika uji.

Abiria wa Namba 8

Ulikunywa?

Bi Harusi 2009

Nilimpa kuku kwanza.

Mama Vitumbua

Kuku anaendeleaje?

Bi Harusi 2009

Mzima. Katagia kwenye kochi. Jamani, nani aliangalia ya jana mpaka mwisho? Huku umeme ulikatika pale anafungua kabati la marehemu.