Wapenzi wa fantasia na bunilizi za kisayansi, mnasoma nini sasa hivi?

FundiMawimbi (Tanga)

Habari zenu wadau. Naomba kujua mnasoma nini hivi sasa. Sisemi mlichosomeshwa shuleni, wala kile mnachopanga kukisoma mkipata nafasi. Nauliza kile kilicholala kando ya mto wa kulalia chenye ukurasa uliokunjwa. Na kiwe cha aina yetu: safari za angani, majini, viumbe, nchi ambazo hazimo kwenye ramani, dunia ya baadaye.

Naanza mimi. Ninasoma Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995. Kazi yangu ni kutengeneza redio na simu, na kazi hii ina kungoja kwingi. Unaweka betri kwenye chaji, unasubiri ijae ndipo ujue kama simu imepona au bado. Kitabu kinakaa kwenye droo ya vipuri, na kila nikipata mwanya nakivuta.

Kwa asiyekijua: Dzombo anahukumiwa kifo nchini kwake. Hawamnyongi. Wanamfungia ndani ya chombo kinachorushwa angani, aishie hukohuko. Kumbe chombo kinaendesheka, naye anakiendesha mpaka anafika Walenisi, nchi ambayo watu wake wanaishi kwa usawa. Mimi nimekwama hapo kwenye chombo, narudia kurasa zile. Mtambo uliotengenezwa ili umuue ndio huohuo unaomvusha! Halafu ukumbuke kwamba aliyeandika haya aliwekwa kizuizini Kenya mwaka 1986 bila kufikishwa mahakamani. Huyu alikuwa mhadhiri wa sosholojia, anajua kufungiwa ni nini, na anapokaa kuandika anampa mfungwa usukani.

Nikiri kwamba Dzombo akishafika, mazungumzo yanakuwa marefu, na kuna mahali mwandishi anafundisha kuliko anavyosimulia. Navumilia, maana nataka kuijua ile nchi.

Kinachoniuma ni kwamba kila nikimtajia mtu kitabu hiki ananiuliza, "Dhamira yake ni nini?" Vitabu vyetu vya ajabu tumevifanya vyote kuwa vya mtihani. Mtu anakutajia wahusika, ujumbe na tamathali za semi, lakini hakumbuki kwamba kuna binadamu amerushwa angani! Ndiyo maana nimeanzisha mada hii. Nielezeni mnachosoma, na mnieleze kile kilichowafanya msilale.

BiMwanaIsha (Mombasa)

Fundi, salamu kutoka huku. Mimi nasoma The House of Rust, riwaya ya Khadija Abdalla Bajaber, mwenzetu wa hapa hapa Mombasa. Ilitoka 2021, na mwaka uliofuata ikashinda Tuzo ya Ursula K. Le Guin, yenye jina la yule mwandishi wa Marekani wa fantasia na bunilizi za kisayansi, tena ndiyo mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Imeandikwa kwa Kiingereza, lakini ni Kiingereza chenye harufu ya Mji wa Kale.

Aisha ni binti wa mvuvi. Babake ameenda baharini hakurudi. Basi msichana anashuka kwenda kumtafuta kwa mashua ya mifupa, na mwenzake safarini ni paka anayesema. Huko baharini wanakutana na majitu ya kutisha, moja baada ya jingine. Lakini mimi kilichonikamata kipo nchi kavu, kwa yule bibi yake. Anaitwa Hababa, vile vile tunavyowaita mabibi zetu katika nyumba za Kihadhrami, sisi wenye asili ya Hadhramaut huko Yemen. Mwanamke mkali, anayejua mengi kuliko anayoyasema, na ambaye kila neno lake lina kufuli. Nilikuwa nasoma nasikia kabisa sauti ya nyanyangu akimkataza mtu kupiga mluzi usiku.

Na kunguru! Mtu wa Mombasa asiyekuwa na kisa cha kunguru hayuko. Humo ndani kunguru wana siri zao na mashauri yao, na tangu nianze kitabu hiki siwatazami tena hivi hivi pale darini.

Nakuunga mkono kuhusu mtihani. Mimi ni mwalimu, na wanafunzi wangu wakisikia "fasihi" nyuso zinabadilika. Niliwasomea darasani kipande cha huyu paka, nikawa nawafasiria papo kwa papo, kengele ikalia hakuna aliyeinuka.

BabaWawili (Dar es Salaam)

Mimi sisomi peke yangu siku hizi, nasoma na wanangu kabla hawajalala. Tupo kwenye Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ile ya mwaka 1952. Nilikisoma nikiwa mdogo, ila kukisoma kwa sauti ni habari nyingine kabisa.

Kuna pale Ikibali, mjumbe wa mfalme aliyekuja Janibu kuchukua kodi, anapomchungulia Adili usiku. Adili, liwali mwema anayesifiwa na kila mtu, anaingia chumbani mlimofungwa manyani wawili. Anawachapa. Akimaliza kuwachapa analia nao, anawabembeleza, anawalisha chakula kizuri. Kila usiku hivyo hivyo. Binti yangu aliniuliza kwa nini anawapiga kama anawapenda, nikamwambia tusome kesho. Hakukubali, ikabidi tuendelee mpaka tulipofika kwa Huria, yule jini aliyewageuza, na tukajua kwamba manyani wale ni Hasidi na Mwivu, ndugu zake wa damu, na kwamba asipowachapa yatamfika yeye.

Wanaoijua Alfu Lela Ulela watakumbuka hadithi ya Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra katika enzi ya Harun al-Rashid, ambaye naye ana ndugu wawili waliogeuzwa mbwa na huwachapa usiku. Mifupa ya hadithi ni ile ile. Shaaban Robert akachukua mbwa akaweka manyani, na kwangu mimi amefanya jambo kubwa sana, kwa sababu nyani ana mikono na ana macho ya mtu. Ukimchapa mbwa unaona mbwa. Ukimchapa nyani anainua mikono kujikinga usoni. Mwanangu wa kiume aliinua mikono yake vile vile pale kitandani bila mtu kumwambia.

Tofali_la_Arusha

Habari wakubwa. Mimi nachukua fizikia chuoni, na ninasoma The Three-Body Problem ya Liu Cixin, tafsiri ya Kiingereza aliyoifanya Ken Liu mwaka 2014. Mwaka 2015 ilichukua Tuzo ya Hugo, ile ya bunilizi za kisayansi na fantasia, kwa riwaya bora. Fundi, hiki ni kitabu chako. Asiyetaka kufumbuliwa mambo aruke aya inayofuata.

Kinaanzia China mwaka 1967, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni. Msichana anashuhudia baba yake, profesa wa fizikia, akipigwa hadi kufa mbele ya umati. Miaka inapita, msichana huyo anapelekwa kufanya kazi kwenye kituo cha siri chenye antena kubwa mlimani. Mitambo yao haina nguvu ya kufikisha ishara mbali. Yeye anagundua kwamba akiielekeza ishara kwenye jua lenyewe, jua linaikuza na kuirusha upya ikiwa na nguvu mara nyingi. Jua linageuka amplifaya! Jibu linakuja kutoka kwenye mfumo wa nyota ulio karibu nasi kuliko yote, umbali wa miaka ya nuru minne na kidogo, na aliyejibu kule anawaonya wasijibu tena, maana wakijibu watajulikana walipo na watavamiwa. Msichana, akimkumbuka baba yake na yote aliyofanyiwa na binadamu wenzake, anabonyeza.

Hapo ndipo niliacha kula. Na viumbe wa huko wana majua matatu yanayovutana bila mpangilio, kwa hiyo hawajui kesho kutakuwa na joto la kuyeyusha mawe au baridi ya kuua. Msimu mbaya ukija wanajikausha maji yote mwilini, wanakunjwa kama mikeka na kuwekwa ghalani, wakingoja hali itulie ndipo waloweshwe waamke. Tatizo la miili mitatu tunalisoma darasani, ni hesabu za kweli. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu angeweza kuzigeuza kuwa msiba wa taifa zima.

Ukerewe_Kwetu (Mwanza)

Nitapinga kidogo. Tusiingize kila kitabu cha ajabu kwenye kapu moja. Ninasoma Nagona, riwaya ya Euphrase Kezilahabi (1990), na baadaye nitaunganisha na Mzingile iliyofuata 1991. Ukiniuliza kama ni fantasia, nitakujibu hapana. Humo msimulizi anatembea katika mji uliokufa, kuna padri anayengoja watu waje kuungama na hawaji, kuna Ngoma Kuu, kuna wanafalsafa wakubwa wa dunia wanaojitokeza humohumo. Hayo siyo majini ya kuburudisha watoto. Mtu aliyeandika Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya ambayo unaona kabisa vumbi na nyumba za Ukerewe, akaamua miaka karibu ishirini baadaye kuvunja kila kitu, hakufanya hivyo ili tufurahie safari. Alikuwa anauliza ukweli ni nini. Kitabu ni chembamba lakini kila ukurasa unakurudisha nyuma. Ukikisoma kwa kasi ya riwaya za angani utatoka mikono mitupu.

FundiMawimbi (Tanga)

Mkuu wa Ukerewe, nakuheshimu, na hilo la kwamba Nagona hakisomwi kwa haraka halina ubishi. Ila kwangu kushangaa na kutafakari haviko mbalimbali. Huyo padri anayengoja waumini wasiokuja, kabla sijamuuliza anawakilisha nini, nataka kwanza nikae naye kwenye ule ukimya mpaka nywele zinisimame. Tukianza na maana, padri anakufa, inabaki maana peke yake. Na BabaWawili ametuonyesha: yule kijana aliyeinua mikono alifahamu Adili na Nduguze vizuri kuliko wengi tuliopata alama nzuri. Wewe ukimaliza Mzingile, naomba utueleze ulichokiona humo njiani, siyo ulichohitimisha.

Dogo wa Arusha, umenimaliza na hilo jua. Usiku wa jana nilikaa na redio ya mawimbi mafupi ya mteja, nikawa nawaza jinsi mawimbi yanavyodunda kwenye tabaka la juu la anga ndipo sauti ya mbali inafika usiku kuliko mchana. Huyo Liu Cixin amechukua wazo la aina hiyohiyo akaliongeza mpaka kwenye jua. Nakitafuta hicho kitabu kwa namna yoyote.

Bi Mwanaisha, hiyo ya Mombasa inapatikana wapi? Huku sijaiona dukani.

BiMwanaIsha (Mombasa)

Fundi, nina nakala mbili, moja niliinunua na moja nililetewa zawadi. Niandikie faragha, nitampa kondakta wa basi la Tanga, uichukue stendi siku hiyo hiyo likivuka mpaka wa Lunga Lunga mapema. Badala yake nataka Walenisi ukishaimaliza, sababu nakala ya shuleni kwetu imetoka kurasa za mwisho na sijui Dzombo aliishia wapi. Usinambie! Na ukifika pale paka anapofungua mdomo mara ya kwanza, rudi hapa utueleze umemuonaje.