Nataka kubobea kutambua magonjwa ya damu na tezi, nisome kipi?

Wakuu habari zenu. Mimi ni daktari, nimemaliza intanshipu, nipo hospitali ya wilaya. Juzi kati kaja kijana ana tezi shingoni, kameza dawa za TB miezi sita tezi zinakua tu, tukampa rufaa majibu yakarudi limfoma, yaani saratani ya tezi, iliniuma sana kwa kweli. Nichukue patholojia (kusoma vinyama vya mgonjwa kwa maikroskopu) au hematolojia (magonjwa ya damu)?

Jibu 1
Hongera mdogo wangu. MUHAS, chuo kikuu cha afya Muhimbili, zote mbili zipo kama MMed, yaani shahada ya ubingwa, miaka mitatu. Hematolojia utakuwa na wagonjwa wodini, unatoa uboho na kuusoma mwenyewe, ila kama moyo wako uko kwenye tezi nenda patholojia. Marekani wanamaliza kwanza patholojia ndo wanaongeza mwaka mmoja wa damu na tezi tu.

Jibu 2
Patholojia bila kufikiria mara mbili. Siku utakayoona Burkitt, aina mojawapo ya limfoma, kwenye maikroskopu hutasahau, seli za bluu zimebanana halafu katikati vidoa vyeupe kama nyota usiku. Ila macho peke yake hayatoshi, lazima ujue na vipimo vya CD20 na CD3, yaani alama za protini kwenye seli, kutenganisha limfoma za seli B na za seli T, aina mbili za chembe nyeupe za damu. Na hapo ulipo anza sasa hivi, ukishuku limfoma itolewe tezi nzima, kufyonza kwa sindano pekee kunaharibu mpangilio wa seli, na tezi iingie haraka kwenye formalini ya asilimia 10, dawa ya kuihifadhi isioze.

Muuliza swali
Asanteni sana. Formalini kesho naenda kuiulizia maabara.