Jina la Montessori liko getini, darasani hamna kitu: shule za chekechea Kampala zinatuibia wazazi

Nani hapa Uganda anakagua shule kabla haijaandika Montessori, ule mfumo wa mtoto mdogo kujifunza kwa kazi za mikono anazochagua mwenyewe, kwenye geti lake? Nauliza kwa hasira na sitaki kupozwa. Toka Ntinda, pita Najjera na Kira mpaka Namugongo, utayaona mabango hayo kila baada ya kona chache, rangi tele, picha za watoto wanacheka. Jina hilo likishapakwa getini ada inapanda mara mbili, mara tatu ya chekechea ya jirani. Ukiingia ndani unakuta masomo yale yale ya jirani.

Shule iliyotufanyia hivi sisi siitaji jina, kwa sababu bado tunaidai pesa zetu na sitaki wapate kisingizio. Ila yaliyotokea nayasema yote.

Binti yetu ana miaka mitatu. Mimi na baba yake tulisoma, tukauliza watu, tukalinganisha shule, tukaona mfumo huu unamfaa mtoto mwenye tabia kama yake, anayependa kushika kitu kimoja mpaka akimalize. Shule ikatupangia kwenda kuitazama Jumamosi. Chumba kinang'aa, rafu za mbao fupi zinazolingana na kimo cha mtoto, vifaa vimepangwa vizuri, jamvi dogo sakafuni. Mama wa ofisini akatueleza kwa ufasaha: mtoto anachagua kazi mwenyewe, wa miaka mitatu wanakaa na wa miaka sita, mwalimu hamkatizi mtoto aliyezama kwenye kazi yake. Kila alichosema ni sahihi, ndivyo mfumo ulivyo. Tukaomba turudi siku ya masomo tuone watoto wakiwa kazini. Akasema wageni wanawavuruga watoto, halafu nafasi zimebaki chache, tulipe fomu na nusu ya ada tusije tukakosa. Laki moja na nusu ya fomu, laki tisa ya kuanzia. Risiti ina maandishi madogo chini kabisa kwamba pesa ikishalipwa hairudi.

Muhula ulipofunguliwa niliingia na mtoto mpaka darasani, nikakataa kutoka.

Watoto zaidi ya thelathini, wote wa umri mmoja, Baby Class kabisa, yaani darasa la mwanzo la chekechea, wamebanana kwenye madawati yanayotazama ubao. Wanaimba herufi kwa pamoja, wanarudia, wanarudia tena. Kila baada ya muda mfupi kengele inalia, vitabu vinakusanywa, vinagawiwa vingine. Kulikuwa na kijana mdogo anahangaika kufunga vifungo vya sweta lake, ulimi nje, kimoja ameshakiweza. Msaidizi akaja akamfungia vyote chap chap akamvuta mkono kwenda kwenye mstari. Kazi ya kufunga vifungo ni sehemu ya masomo yenyewe ya Montessori! Kuna fremu maalumu zenye vifungo, zipu na kamba, zimetengenezwa ili mtoto apewe muda wa kuhangaika hivyo hivyo. Mtoto alikuwa anajifundisha mbele ya macho yao na wakamnyang'anya somo.

Dirishani juu ya kichwa cha mwalimu kulikuwa na fimbo. Kwa watoto wa miaka mitatu. Sheria ya Watoto ilirekebishwa mwaka 2016 na inakataza adhabu ya viboko shuleni, lakini fimbo imelala hapo bila hata kufichwa, karibu na sanduku la chaki.

Nikauliza kile chumba cha Jumamosi kiko wapi. Kimefungwa. Mwalimu akaenda kutafuta ufunguo, akachukua muda, akanifungulia. Kumbe watoto huingizwa humo kwa zamu, tena Ijumaa, wakiwa wamekaa kimya. Pale kwenye rafu upo mnara wa waridi, ule wa vipande vya mbao 10, cha chini kina sentimita 10 kila upande, cha juu kabisa kina sentimita 1. Vilikuwepo 9. Kile kidogo hakipo. Nikauliza, mwalimu akasema wamekiondoa maana watoto wangekipoteza.

Naomba mnielewe kwa nini jambo hili lilinikasirisha kuliko yote. Kile kipande kidogo ndicho mtoto anakishika kwa ncha za vidole, ndicho kinachomlazimisha kutuliza mkono. Na vifaa hivi vimetengenezwa ili mtoto aone kosa lake mwenyewe bila kuambiwa: ukikosea mpangilio mnara unaonekana wazi haujakaa sawa, au kipande kinabaki mkononi. Hahitaji mtu mzima wa kumwambia "umekosea". Sasa wewe mwenye shule umeondoa kifaa kwa kuogopa mtoto atakishika. Umeniuzia nini?

Ukutani walikuwa wametundika herufi za msasa. Kwanza ziko juu, hata mimi ningenyoosha mkono. Pili wamezifunika nailoni ngumu, zile za kuhifadhi vyeti. Jamani! Herufi ya msasa inawekwa msasa ili mtoto aipitishie vidole viwili, ausikie mkwaruzo, atamke sauti yake, mkono ukariri umbo kabla penseli haijaja. Ukishaifunika nailoni imebaki picha ya ukutani. Aliyefanya vile hajawahi kufundishwa kazi hii hata siku moja, na sikosei kusema hivyo kwa sababu nilimuuliza mwalimu amesomea wapi Montessori, akanijibu walifanya semina ya wikendi.

Nimeongea na mkurugenzi. Alinipokea vizuri, soda ikaletwa, halafu akasema wazazi wa Kampala ndio wanaotaka hivyo, kwamba mtoto akitoka Top Class, darasa la mwisho la chekechea, hajui kusoma na kujumlisha, shule nzuri hazimchukui P1, yaani darasa la kwanza la msingi. Sibishi kwamba usaili wa P1 upo na unawatesa watoto. Wazazi wapo wanaodai kazi za nyumbani kwa mtoto wa miaka minne, na wapo wanaofurahi ripoti ikija imeandikwa "nafasi ya 3 darasani". Jirani yangu mtoto wake yuko hapo hapo shuleni, ripoti yake ya Middle Class inasema ni wa 19. Wa 19 katika nini, katika kuchota maji kwa kikombe? Mfumo huu hauna zawadi, hauna adhabu, hauna kupanga watoto kwa nafasi. Kwa hiyo mheshimiwa mkurugenzi, kama mnafundisha kwa ajili ya usaili wa P1, andikeni getini hivyo, na mtoze ada ya kazi hiyo.

Kisha mwalimu akaniambia jambo ambalo mume wangu alipolisikia alisimama. Tuache kuongea Kiswahili nyumbani, Kiingereza tu, mtoto asije akachanganyikiwa. Baba yake ni Mlugbara wa Arua, mimi ni Msamia wa Busia. Kiswahili ndiyo lugha tuliyokutana nayo, ndiyo lugha ya mezani kwetu, ndiyo mtoto anayolilia usiku. Baraza la Mawaziri la nchi hii lilipitisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kisomeshwe kwa lazima msingi na sekondari. Mtaala wa P1 hadi P3 tangu 2007 unasisitiza mtoto aanze kwa lugha ya eneo lake. Na Maria Montessori mwenyewe alikuwa akisema mtoto wa umri huu anafyonza lugha bila kufundishwa, hata zaidi ya moja. Shule inakwenda kinyume cha serikali na kinyume cha jina lake kwa wakati mmoja, halafu inanitumia ujumbe wa kunikumbusha salio la ada.

Kinachoniuma ni kwamba kitu hiki hakikuanzia kwa matajiri. Montessori alikuwa daktari. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto mtaa wa San Lorenzo kule Roma, mtaa wa wafanyakazi maskini, watoto ambao wazazi walikuwa wakienda kazini na kuwaacha wakizurura kwenye ngazi za majengo. Kwa watoto hao ndiko yalikotoka yote haya tunayouziwa Kira kwa mamilioni. Na sehemu kubwa yake haihitaji kifaa cha kuagiza nje. Kumimina maji kutoka jagi hadi jagi, kuchambua maharage na kutenga mawe, kufagia, kukunja kitambaa, kumenya ndizi, kufua soksi. Mama yangu kule Busia ana wajukuu wanaofanya hayo kila siku, tena kwa muda wanaoutaka wao. Anayejua kazi anaweza kuifanya vizuri na mbao za fundi wa mtaani, mtama na vibuyu. Asiyeijua hata umpe kontena zima la vifaa kutoka Uholanzi atalifungia chumbani.

Mbona inawezekana kutuibia hivi? Kwa sababu hakuna anayelimiliki jina hilo. Chama cha kimataifa alichokianzisha Montessori na mwanawe Mario mwaka 1929, AMI, chenye makao Amsterdam, kinatoa diploma za walimu, na vipo vyama vingine, lakini hakina uwezo wa kumzuia mtu wa Kampala kuandika Montessori kwenye bati. Upande wetu nako, Sheria ya Elimu ya 2008 inaitambua elimu ya awali kama ngazi ya kwanza ya elimu, halafu inaiacha mikononi mwa watu binafsi na gharama juu ya mzazi. Elimu bure ya UPE, mpango wa serikali wa elimu ya msingi kwa wote wa 1997, inaanzia P1. Kabla ya hapo mtoto wako ni biashara ya mtu. Tena tangu shule zilipofunguliwa tena Januari 2022 baada ya karibu miaka miwili ya kufungwa kwa corona, wazazi tuna hofu kwamba watoto wamechelewa, na hofu hiyo wenye shule wanaijua.

Mzazi mwenzangu anayefikiria shule kama hizi muhula ujao, kabla hujatoa hata shilingi moja kataa kutembezwa wikendi. Nenda siku ya kazi saa tatu asubuhi, kaa pembeni hata saa moja usiongee. Usitazame rafu, tazama watoto. Je, wanafanya kazi tofauti tofauti kwa wakati mmoja, au wote wanafanya kitu kile kile? Mtoto akiwa amezama anaachwa? Katika mfumo wa kweli kuna kipindi kirefu cha asubuhi, chenye urefu wa kama saa tatu hivi, kisichokatwa na kengele. Tazama umri: kama mdogo wa miaka mitatu hamwoni mkubwa wa miaka mitano akifanya kazi, hilo ni darasa la kawaida. Vishike vifaa, tafuta vumbi, hesabu vipande. Vilivyotumika vina alama za vidole na kona zilizochakaa kidogo. Muulize mwalimu wa darasa mwenyewe, siyo wa ofisini, amesoma Montessori wapi, kwa muda gani, diploma ya nani, akuonyeshe. Omba kuona usajili wa wizara. Tazama dirishani kama kuna fimbo. Wakikwambia wageni hawaruhusiwi siku za masomo, ondoka, hata kama bango ni zuri namna gani.

Zipo shule hapa Uganda zinazofanya kazi hii kwa uaminifu, na walimu wao wanastahili heshima. Hao ndio wa kwanza kuumizwa na matapeli. Na sina ugomvi na chekechea za kawaida. Karibu na kwetu kuna mama anafundisha watoto kwa laki tatu na nusu kwa muhula, uji wa saa nne ndani yake, hajaandika chochote cha Kizungu getini, watoto wake wanalima kibustani cha sukuma nyuma ya darasa na wanarudi nyumbani na furaha. Binti yangu yuko huko sasa hivi. Mama huyo haniambii uongo.

Niliyelipa ni mimi, milioni moja na elfu hamsini, kwa huduma iliyoelezwa kwa mdomo Jumamosi na ambayo haipo. Nimeandika barua mbili, zote zimejibiwa kwa kunionyesha yale maandishi madogo ya risiti. Afisa elimu kaniambia masuala ya ada ni makubaliano kati ya mzazi na shule. Sasa nafikiria kwenda mahakamani kwa ule utaratibu wa madai madogo, yasiyozidi shilingi milioni 10, ambao hauhitaji wakili. Kama kuna mzazi humu aliyewahi kuidai shule ada kwa njia hiyo, tafadhali anieleze alipeleka karatasi gani, maandishi ya "pesa hairudi" yalichukuliwaje mbele ya hakimu, na ilichukua muda gani. Na kama mmelipa shule hiyo hiyo au nyingine kwa mtindo huu wa Jumamosi, tunzeni risiti na jumbe zote za simu, tuandikiane pembeni. Tukiwa kumi barua yetu wizarani haitajibiwa kama ya mtu mmoja.