Tupeane uzoefu: GPA za kawaida na masta ya fedha nje ya nchi

Mwanzisha mada, Ngamiani
Wana Tanga, salaam. Nina digrii ya uhasibu, GPA 2.9, na sapu (mitihani ya marudio) mbili za mwaka wa pili: Takwimu na Hesabu za Biashara. Niko SACCOS moja hapa Ngamiani, mwaka wa nne sasa, fomu za mikopo zote zinapita mezani kwangu. Nimeomba masta ya fedha vyuo vitatu, vyote vimenitosa. Cha kwanza kosa langu: niliandika 2.9 bila kusema ni kati ya 5. Wakaisoma kwa kipimo cha 4, transkripti (karatasi ya matokeo ya chuo) ilipowafikia nikaonekana tapeli. Waliopita njia hii na GPA kama zetu, semeni. Vipanga, wenye GPA za juu, mtusamehe, leo si zamu yenu.

Wa Pongwe
Tanga ni waja leo warudi leo. Nyie mwataka kwenda mkae huko?

Wa Raskazone
Pole dada. Mimi nilikuwa na 3.1. Kwetu daraja la pili la chini ni 2.7 hadi 3.4, la juu linaanzia 3.5, na vyuo vingi vya Uingereza vyataka la juu. Lakini vipo vinavyopokea la chini kwa mtu mwenye kazi ya kueleweka. Barua yangu ya kwanza ilianza ati "tangu utotoni napenda masuala ya fedha". Bosi wangu wa zamani kule bandarini aliisoma akacheka, nani hapendi fedha? Akaniambia niandike ule mwezi tulipogundua ankara zimelipwa mara mbili, nilizikamata vipi. Nikaandika hilo, na sentensi mbili tu kuhusu sapu: nini kilitokea, na nimesoma nini tangu hapo. Nikapata.

Tabu ikaja kwenye viza ya Uingereza. Pesa ya ada na ya kujikimu lazima ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo, isishuke hata siku moja. Mjomba alinikopesha. Siku ya 21 mashine ya boti yake ikafa, akaja mlangoni alfajiri kutaka sehemu ya pesa yake. Utamnyima mjomba? Nikaanza kuhesabu upya, muhula wa Septemba ukanipita, nikaingia wa Januari. Na msisahau cheti cha kupima kifua kikuu, sisi wa Tanzania twadaiwa.

Wa Chumbageni
Ujerumani nako, vyuo vingi vya serikali havitozi ada, kwa hiyo watu hukimbilia bila kupiga hesabu. Wana kanuni ya kugeuza alama: chukua 5, toa GPA yako, gawa kwa 3 (yaani 5 toa 2 ya kufaulu), zidisha kwa 3, ongeza 1. Kwako 2.9 inakuwa 3.1, na kwao namba kubwa ndiyo mbaya. Masta nyingi zataka 2.5 au chini yake, yaani 3.5 yetu. Mimi nilituma maombi manne kabla ya kuijua kanuni hii. Ada za maombi zilikwenda na maji.

Wa Duga
GPA 2.7 hapa. Nilikaa kwanza nikamaliza CPA, ile mitihani ya uhasibu ya bodi ya wahasibu NBAA, miaka mitatu. Ndipo nikaomba, na hakuna aliyeniuliza sapu.

Wa Makorora
Dada, shida yako si 2.9. Ni hizo sapu mbili, maana masta ya fedha ni hesabu, na wao wanafungua transkripti kuangalia hizo hizo. Mimi nilibeba Takwimu mpaka mwaka wa tatu. Nikafanya GMAT, mtihani wa kuombea masta za biashara na fedha. Alama zake ni 205 hadi 805 na hudumu miaka mitano. Sehemu ya hesabu ni maswali 21 kwa dakika 45, bila kikokotoo. Mara ya kwanza niliishia swali la 15, muda ukaisha. Mara ya pili nilikuwa nimefanya mazoezi miezi mitano, kila siku baada ya Alfajiri kabla ya kazi. Chuo kilichonikataa mwaka wa kwanza ndicho kilichonipokea wa pili, GPA ile ile.

Mwanzisha mada
Wa Makorora, vitabu bado unavyo?

Wa Makorora
Vipo, njoo baada ya Isha. Majibu niliyoandika kwa peni usiyaamini, mengi ni ya ile mara ya kwanza.